Alama ya Kujumlisha Mbele ya Protini

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Salamu zako utazikuta chini, leo zimepitwa. Kosa wanalolifanya watu wengi, hata waliosoma, ni kudhani kwamba protini iliyoonekana kwenye mkojo wa mtoto ni ile aliyokula ikamzidi, ikafurika. Wakishadhani hivyo hukimbilia jikoni kuondoa mayai. Nawe umefanya vivyo hivyo, tena wewe mtoto wa mama aliyekaa maabara miaka thelathini na mmoja akichovya vijiti kwenye vikopo vya mkojo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Unaniambia watu wa afya walipita shuleni, wakawapima watoto wote, na mjukuu wangu akarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "Protini +". Unaniambia umeitoa sandukuni karatasi ya chakula ya marehemu baba yako, ile aliyopewa hospitali figo zake zilipochoka, ukaibandika kwenye friji, na sasa mtoto wa miaka tisa analishwa kwa kuifuata. Halafu unamalizia, "Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, Mama."

Ninao. Nimebandika chai jikoni nikaisahau mpaka sufuria ikaanza kulia.

Sikiliza. Nyama, maharage, yai, maziwa: vyote vikishuka tumboni huvunjwavunjwa vipande vidogo sana. Mwili huviokota vipande hivyo ukajengea misuli, mifupa, ngozi, damu. Vinavyobaki hugeuzwa taka, na taka hiyo ndiyo figo huichuja na kuitoa. Protini inayoonekana kwenye mkojo si ile ya jikoni. Ni ya mwili wenyewe, iliyokuwa kwenye damu ikapenya kwenye chujio. Kwa nini imepenya, hilo ndilo swali. Wakati mwingine jibu ni ugonjwa. Mara nyingi kwa mtoto mzima asiyeumwa ni jambo la kupita: homa, baridi kali, mbio, hata kusimama kutwa nzima. Ndiyo maana hurudiwa kupimwa. Je, hawakukuandikia arudi?

Karatasi ya baba yako iliandikwa kwa ajili ya mzee wa kilo sabini aliyemaliza kukua kabla wewe hujazaliwa, mwenye figo zilizokwisha kazi. Figo ya mtoto mzima haina ugomvi na maharage.

Usinipigie simu. Kwenye simu hunijibu "ndiyo Mama, ndiyo Mama," kisha unafanya lako. Andika. Maandishi hayakuruhusu kuitikia tu.

Mimi mzima, goti tu ndilo linaleta ujeuri kwenye ngazi. Msalimu mkwe wangu, na umbusu mjukuu wangu Kereng'ende kichwani.

Mama yako

*

Tarehe 17 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limepunguza ujeuri na vidonge vya presha unavimeza kwa saa zake. Sisi tupo. Karakana imejaa mizani mwezi huu, maana wakaguzi wa vipimo wanapita sokoni na kila muuzaji amekumbuka ghafla kwamba mizani yake inadanganya.

Mama, usidhani sikukusoma. Nimekusoma. Lakini niruhusu nikueleze ninavyoona, mimi ninayeshinda na vipimo.

Mizani ikisoma kujumlisha, maana yake upande ule umezidi. Hubishani nayo. Unapunguza, unapunguza, mpaka mshale urudi kwenye sifuri. Karatasi ya mtoto imesoma protini, kujumlisha. Imezidi. Nami napunguza. Kama kuna namna nyingine ya kuisoma alama ile, basi waliokuja shuleni hawakuisema.

Sikufanya kwa kubahatisha. Baba aliruhusiwa gramu arobaini za protini kwa siku, kwa kilo zake sabini. Kereng'ende ana kilo ishirini na tano. Nimegawa, nikapata gramu kumi na nne na kidogo. Nimeleta nyumbani mizani ndogo ya sonara, niliyoirekebisha kwa mkono wangu, inayosoma hata nusu gramu. Maharage yake nayapima. Maziwa nayapima. Yai ni nusu, siku mbili kwa wiki. Nyama hapana.

Ndiyo, karatasi ilisema arudi baada ya wiki mbili. Sijampeleka. Nataka nimshushe kwanza afike sifuri, halafu nimpeleke. Hata muuzaji mwenye akili hapeleki mizani kwa mkaguzi kabla fundi hajaigusa.

Mkwe wako amenuna. Jana alisimama nyuma yangu nikiwa napima, akasema, "Baba Kereng'ende, huyu ni mtoto au ni kilo ya sukari?" Nikamwambia, "Ni mtoto, ndiyo maana napima." Akasema, "Sukari angalau ikipungua mnunuzi hulalamika."

Na Kereng'ende mwenyewe, unamjua alivyo na mdomo. Alitazama bakuli lake, akatazama la mama yake. "Baba, hiki ni chakula au ni cha kuonja?" Nikamwambia ni chakula. "Basi niambie kinaanzia wapi, nisije nikakimaliza kabla sijakiona."

Tulicheka. Lakini Mama, nilimwona Baba alivyovimba miguu. Nilimwona akishindwa kuvaa viatu vyake mwenyewe. Sitakaa nimsubiri mwanangu afike pale.

Mwanao

*

Tarehe 24 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Nimeanza vizuri leo, unaona. Nimetembea kwanza mpaka mwisho wa korido na kurudi, mara nyingi kiasi kwamba jirani amefungua mlango akauliza kama nimepoteza kitu.

Nimepoteza. Nimegundua kwamba kwa miaka thelathini na mmoja niliandika alama ile ya kujumlisha, labda mara elfu kumi, na hata siku moja sikujiuliza mtu akiifikisha nyumbani ataisoma vipi. Sisi maabara maana yetu ilikuwa moja: *ipo*. Kijiti kimebadilika rangi kidogo, kwa hiyo kitu kipo. Alama mbili, kipo zaidi. Alama tatu, mwite daktari. Haikuwahi kuwa na maana ya "mmemlisha kupita kiasi". Ukipita dirishani ukamwona mtu ndani ya chumba, ukaandika "mtu, yupo", hujasema kwamba ndani kuna watu wengi mno na mmoja atolewe. Umesema yupo tu. Bado hujui alipitia mlango gani.

Kwa hiyo hesabu yako ni safi na jibu lake ni baya. Umegawa vizuri kitu kisichogawika. Mtu mzima hula ili abaki alivyo. Mtoto hula ili abaki alivyo, kisha juu yake ajenge. Kwa kilo zake, mtoto wa umri wa Kereng'ende anahitaji karibu gramu ishirini na nne za protini kwa siku, hicho kikiwa kiwango cha kawaida wala si cha karamu. Wewe unampa kumi na nne. Na nikwambie jambo ambalo watu hushangaa kulisikia: hata watoto ambao figo zao zinaumwa kweli, madaktari huogopa kuwanyima protini, kwa sababu hawatakua. Sembuse huyu ambaye hatuna hata ushahidi kwamba ana tatizo.

Utaniuliza, na mtoto mzima akila protini nyingi, figo hazichoki? Ni swali la haki, wataalamu nao wameliuliza. Akila zaidi, figo huchuja kwa kasi zaidi. Wewe ukipanda ngazi moyo huenda mbio, na hakuna anayesema ngazi zimeuharibu. Kwa chakula cha kawaida cha nyumbani, hawajaona kwamba kasi hiyo huharibu figo nzima ya mtoto. Sikuambii umjaze mtoto unga wa protini wa makopo wanaokunywa wanyanyua vyuma. Nakuambia maharage.

Sasa nina maswali matatu, nijibu yote.

Siku ile ya kupimwa, mtoto alikuwa anafanya nini kabla hajaitwa?

Maharage unayapima makavu au yakishapikwa?

Na la tatu, wewe mwenye mizani nyumbani, mtoto mwenyewe umempima lini?

Mama yako asiyetulia

*

Tarehe 21 Machi

Shikamoo Mama,

Nisamehe kwa ukimya. Natumaini u mzima. Barua hii nimeianza mara nne kwenye benchi la karakana, kila nikianza anaingia mteja.

Nimeitwa shuleni. Mwalimu wa darasa alinikalisha kwenye kile kiti kidogo cha mwanafunzi, magoti yakafika kifuani, ndivyo nilivyojua si habari njema.

"Mzee, nyumbani mna matatizo?"

"Hatuna."

"Chakula kipo?"

"Kipo. Mwalimu, sema tu."

Akasema wiki tatu sasa vyombo vya chakula vya watoto vinafunguliwa kabla ya mapumziko. Hakiibwi chakula chote. Wali unaachwa, viazi vinaachwa. Yanaondoka mayai, maharage, vipande vya nyama. Walidhani ni paka. Jumatatu wakamkuta Kereng'ende chini ya dawati, bakuli la mwenzake mapajani, akiokota maharage moja moja kutoka kwenye wali kama anayechambua mchele.

Mwalimu akaniambia, "Nilimuuliza, kwa nini hukula wali? Akanijibu, 'Wali ninao nyumbani.'"

Mama, mwanangu si mwizi.

Nilimuuliza njiani. Hakulia. Alisema, "Baba, sikuwa nakula vyote. Nilikuwa napima." Akanionyesha kwa vidole, hivi, kidogo tu. Nikamshika mkono tukavuka barabara.

Maswali yako. La kwanza: nilimuuliza mwalimu siku hiyo hiyo. Siku ya vipimo ilikuwa siku ya mchujo wa mbio. Kereng'ende alikimbia mizunguko mitano ya uwanja, akashika nafasi ya pili, akaitwa kwenye foleni ya vikopo akiwa bado anahema.

La pili: yakishapikwa.

Najua utakachosema. Nimeshakisema mwenyewe. Karatasi ya Baba imeandika "maharage makavu", kwa wino wa bluu, na mimi ninayewagombeza wauza nafaka kwa kupima mzigo uliolowa, nimempimia mwanangu maji. Kwa hiyo hata zile kumi na nne hakuzipata.

La tatu sijalijibu. Naogopa mshale.

Lakini Mama, sijui kama nitaweza kubadilisha. Kuna jambo sijakuambia tangu msiba, na nisiposema leo sitasema tena. Wiki ile ya mwisho, wewe ukiwa umekwenda kuchukua dawa, Baba alinishika mkono akasema, "Nitafutie supu ya nyama, mwanangu. Nimechoka na viazi vya karatasi ile, vya kuchemsha mara mbili." Nikampelekea, bakuli zima lenye nyama. Alikula akafumba macho. Nikaosha bakuli, nikafungua dirisha harufu itoke. Siku ya sita alikufa.

Nimekaa na hilo miaka minne. Kila nikishika kijiko cha kumpakulia mtoto, namwona mzee amefumba macho. Wewe waniambia chujio na ngazi. Mimi nilimlisha mtu, akafa.

Mwanao

*

Tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Ningekuwa karibu nisingekuandikia, ningekuja tukae.

Nilijua.

Baba yako alikuwa na sharubu, nazo hazijui kutunza siri. Nilirudi na dawa, nikainama kumwekea mto vizuri, zikaninukia nyama na kitunguu. Nikamtazama, akanitazama, akasema, "Usimgombeze mtoto." Wewe wakati huo ulikuwa na miaka thelathini na mbili na mke.

Sikukugombeza. Kesho yake nilimwendea daktari wake, yule mrefu aliyekuwa akikunja shingo kupita mlangoni, nikamweleza. Naye akaniambia hivi: "Mama, bakuli moja haliui mtu aliyefikia hapa. Kinachomuua kilianza na presha aliyoipuuza miaka ishirini. Mimi ningekuwa mwanao ningeleta mabakuli mawili." Wakati ule karatasi ile ilikuwa imekwisha kazi. Ilitakiwa imsaidie miaka ya nyuma, na ilimsaidia. Wiki ile ya mwisho tuliifuata kwa sababu hatukuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yetu.

Sasa kosa langu. Nilifikiri nikinyamaza nakuhifadhia heshima yako. Sikujua kwamba wewe nawe umenyamaza, na kwamba katikati ya ukimya wako na wangu siku moja ataketi mtoto na bakuli lake. Mimi ninayependa kueleza kila kitu, hata namna maji yanavyochemka, hilo moja sikulieleza. Nisamehe.

Tusipoteze siku zaidi. Nimefurahi kusikia habari za mbio. Mtoto akikimbia kwa nguvu, chujio hulegea kidogo, protini kidogo hupenya, na baada ya siku moja au mbili husafika. Kwa hiyo mpeleke arudiwe hivi. Siku mbili kabla, asikimbie. Usiku akalale akiwa amekwenda haja. Asubuhi, mkojo wa kwanza kabisa, kabla hajazunguka nyumba, uchukuliwe kwenye kikopo safi na upelekwe bila kuchelewa. Waombe pia wampime presha, ni haki yake. Kama karatasi itaonyesha tena kwamba ipo, daktari atatafuta sababu, na sababu haitakuwa maharage. Na wakati wowote ukimwona amevimba macho asubuhi, au mkojo una rangi ya chai nzito, au povu lisilokwisha, usingoje barua yangu, nenda.

Wala usisubiri majibu ndipo umlishe. Mtoto anayechambua maharage chini ya dawati ameshakupa majibu yake. Mwili wake ndio uliomtuma.

Niandikie haraka. Nitakuwa dirishani kama mchumba.

Mama yako

*

Tarehe 16 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Mtoto?

Siku ishirini. Mtu wa posta ameanza kunikwepa, jana alipita upande wa pili wa barabara akijifanya anasoma bahasha. Nimepanga nguo kabatini, nimezipangua, nimezipanga tena kwa rangi. Nimemwandikia dada yako barua ambayo hakuihitaji.

Nimepiga simu karakana, kijana wako akasema "Fundi yupo ila hayupo." Sikuelewa, na nadhani naye hakuelewa.

Kama majibu ni mabaya, niambie. Kama hukumpeleka, niambie. Kama umenikasirikia kwa sababu ya sharubu, niambie pia, nitastahimili. Lakini usinipe ukimya. Tumekwisha kuuonja katika nyumba yetu na hatuujui mwisho wake.

Begi langu liko mlangoni. Goti limesema hapana, mimi sijalijibu.

Mama yako

*

Tarehe 22 Aprili

Shikamoo Mama,

Shusha begi. Tafadhali. Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Tulimpeleka tarehe tisa. Tulifanya kila ulichosema. Kereng'ende alibeba kikopo mwenyewe kwa mikono miwili kama anabeba kombe, akiwaambia watu kwenye foleni, "Msinisukume, nina mkojo wa kwanza kabisa." Karatasi imeandikwa: Protini, hakuna. Presha ya kawaida. Daktari akauliza anakula nini, mke wangu akamweleza, mimi nikitazama sakafu. Daktari akasema figo za mtoto huyu hazina neno, akampandisha kwenye mizani yao.

Kwa mazoea niliitazama ile mizani kwanza. Ilikuwa inasoma sawa. Nilitamani iwe mbovu.

Kilo ishirini na tatu na nusu. Mwezi wa kwanza shuleni alikuwa na ishirini na tano. Mtoto wa miaka tisa, Mama, anayetakiwa kupanda.

Tulipofika nyumbani mke wangu aliibandua karatasi ya Baba kwenye friji, hakuichana, aliikunja vizuri akanirudishia. Mchana akapika nyama na maharage, akaweka mezani, akasema, "Mpakulie mwanao."

Nilishika kijiko. Naapa nilikishika. Karatasi iliyosema "hakuna" ilikuwa mfukoni mwangu, barua yako nayo. Najua yote uliyonifundisha, naweza kumweleza mtu mwingine vizuri kabisa. Lakini mkono ulikwenda mpaka juu ya sufuria ukasimama. Nikapakua mchuzi mtupu. Nikasema, "Tuanze kidogo kidogo."

Kereng'ende akasema, "Si kitu, Mama, nimeshazoea."

Neno hilo la mtoto ndilo lililotuvunja. Si kelele zake, maana hakupiga kelele. Mke wangu aliinuka, akafunga nguo za mtoto. Nikamwambia, "Mama Kereng'ende, subiri." Akasema, "Wewe unapima maharage. Mimi nampima mtoto kwa kumbeba. Kila nikimbeba anapungua. Ukiweza kumlisha, uje. Usipoweza, usije."

Wako kwa shemeji, dada yake, ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Siku kumi na tatu leo. Kila jioni nikifunga karakana nakwenda mpaka kwenye ngazi zao. Nawasikia wanakula. Nasikia vijiko. Juzi nilimsikia akicheka, akimwambia shemeji, "Ongeza, mimi sina kizuizi." Nikarudi.

Nitasema na hili la mwisho. Tangu Baba afe sijatia nyama mdomoni, wala yai. Mke wangu anadhani sipendi. Najua hainisaidii kitu. Ndivyo nilivyo.

Nimeielewa figo, Mama. Sasa nifanye nini?

Mwanao

*

Tarehe 25 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu, na salamu za leo ni za dhati kuliko zote. Kwanza nimefurahi, usidhani sikufurahi. Nilisoma "hakuna" nikapiga makofi peke yangu jikoni. Mtoto mzima! Kilo moja na nusu zitarudi. Watoto wakilishwa huwa na haraka kuliko sisi. Pima uzito na urefu wake mara moja kwa mwezi, hiyo inatosha, kisha sahau.

Mkwe wangu amefanya sawa. Nitamwandikia mwenyewe kumwambia, wala usimkasirikie.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta cha kukueleza. Hakipo. Ni jambo gumu kwa mtu kama mimi kukiri. Nimezoea kuamini kwamba mtu akielewa, mkono utafuata. Wako haukufuata. Uliijua figo kama fundi, na kijiko bado kikasimama. Basi si elimu uliyopungukiwa, na nikikuongezea nyingine nitakuwa nakupimia mzigo uliolowa.

Ila kuna kitu nimekiona katika barua yako ambacho labda wewe hukukiona ulipokiandika. Kila mara unajiona wewe ndiye unayepakua. Ulimpakulia baba yako. Unampakulia mtoto. Kijiko kiko mkononi mwako, na hatia ikaishi hapo. Hakuna aliyekuambia kwamba unaweza kukiweka chini. Kwa shemeji wako wanawake wawili wenye mikono yao, na mtoto anayejua kusema "ongeza". Hawahitaji mpakuaji. Wanahitaji mtu wa kukaa kwenye kile kiti kilichobaki wazi.

Na wewe una njaa, mwanangu. Miaka minne ni mingi. Nilidhani mjukuu wangu ndiye pekee anayenyimwa katika nyumba ile, nikamwandikia barua baba yake bila kujua kwamba naandikia wawili.

Mkeo alisema uje ukiweza kumlisha. Mimi ni mama mkwe wake na nimemjua miaka kumi na mmoja. Akikufungulia mlango akakuona umeketi ukala mbele ya mwanao kile anachokula mwanao, hatauliza la kijiko. Mtoto naye ataona jambo ambalo karatasi yoyote haiwezi kumwonyesha, kwamba baba yake amekula na hajafa.

Huenda tonge la kwanza likawa gumu. Kunywa maji, endelea. Kereng'ende atakuwa na la kusema, nawe utalisikia ukiwa ndani badala ya kulisikia kwenye ngazi.

Siku barua hii itakapokufikia usiijibu kwanza. Siku hiyo hiyo ukifunga karakana, panda zile ngazi mpaka juu, bisha hodi, keti karibu na mwanao, ule.

Mama yako